Jibu la Mashine Halina Mwenyewe



Siku hizi hakuna kantini wala basi ambamo hutasikia neno hili: "Nimeiuliza mashine, imeniambia hivi." Mtu akisema hivyo, mabishano huisha. Zamani mabishano yalikwisha mtu akisema ameyasoma gazetini, au ameambiwa na mwalimu, au karani wa D.C. ndiye aliyesema. Hao nao walikuwa wakikosea, tena sana. Lakini walikuwa na majina, na mtu aliweza kuwaendea nyumbani akawauliza: je, Bwana, ulilipata wapi neno lile? Mashine hii haina nyumba ya kuendewa.

Twasema juu ya zile mashine za maneno ambazo watu huziita akili bandia. Ile ijulikanayo zaidi ni ChatGPT, iliyotolewa kwa watu wote na kampuni ya OpenAI ya Marekani tarehe 30 Novemba 2022. Tangu hapo zimetoka nyingine nyingi, na leo zimo katika simu za wafanyakazi wengi, hata simu ya mlinzi wa usiku. Hatuandiki haya ili kuwakataza wanachama wasizitumie. Mwenye kukataza kitu ambacho kimekwisha kuingia mifukoni mwa watu anapoteza wino wake bure. Twaandika kwa sababu twaona watu wengi hawajaelewa mashine hizi ni kitu gani, na kutoelewa huko kumeanza kuwatia wafanyakazi hasara ya fedha.

Chukueni shauri la mwanachama mmoja wa tawi letu. Jina lake hatulitaji, wala la tajiri wake. Mtu huyu ana umri wa miaka 34, na amefanya kazi katika godauni moja la Industrial Area kwa miaka tisa kamili. Biashara ikapungua, naye akapewa barua kwamba nafasi yake imeondolewa. Usiku ule akakaa na simu yake akaiuliza mashine kwa Kiingereza: mimi nimefanya kazi miaka tisa, nimepunguzwa, nitalipwa nini? Mashine ikamjibu kwa Kiingereza safi kabisa. Kwanza ikampa pole. Kisha ikamwambia kwamba mfanyakazi aliyepunguzwa hulipwa mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka alioutumikia, kwa hiyo yeye haki yake ni wiki tisa. Mwisho ikamtajia hukumu ya korti, yenye jina la mdai, jina la kampuni na mwaka, kwamba ndiyo iliyothibitisha jambo hilo.

Mwenzetu akaandika barua kwa tajiri wake akidai wiki zake tisa, na ile hukumu akaitaja. Jibu likaja kesho yake. Tajiri amekubali yote, na karatasi iko tayari, imepigwa chapa, yasema kwamba mfanyakazi akiisha kupokea fedha hizo hana dai jingine lolote.

Hapa yatupasa kumsifu mwenzetu, maana alitumia akili ambayo hakuna mashine iliyompa. Tajiri huyu ni yule yule ambaye kumwomba jozi ya buti za mpira lilikuwa shauri la miezi mitatu. Mtu alipoona amekubali kwa siku moja, akaingiwa na shaka. Akaichukua karatasi kabla hajatia sahihi, akaileta ofisini kwetu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema wazi: mfanyakazi anayepunguzwa kazi atalipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioumaliza. Miaka tisa mara siku 15 ni siku 135. Wiki tisa ni siku 63. Yaani mwenzetu alikuwa karibu kuuza haki yake kwa chini ya nusu ya bei, na aliyempangia bei hiyo si tajiri, ni simu yake mwenyewe. Tena juu ya siku hizo 135 kuna notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, na siku za likizo ambazo hakuzichukua. Mashine haikuyataja hayo hata kidogo.

Je, ile wiki moja kwa mwaka ilitoka wapi? Tulitafuta, kwa maana tulitaka kujua. Uingereza wana sheria ya namna hiyo: mtu aliyetumikia tangu miaka miwili hulipwa nusu wiki kwa kila mwaka aliofanya kazi akiwa chini ya umri wa miaka 22, wiki moja kwa miaka ya umri wa 22 hata 40, na wiki moja na nusu kuanzia 41. Kwa umri wa mwenzetu hesabu yaangukia wiki moja sawasawa. Lakini Tanzania nao, kwa sheria yao ya mwaka 2004, hulipa siku saba kwa mwaka, mpaka miaka kumi. Hiyo nayo ni wiki. Basi mashine iliokota ya Waingereza au ya jirani zetu? Huwezi kujua, wala yenyewe haiwezi kukuambia. Ilijibu tu, wala haikuuliza kwanza, "Ndugu, wewe uko nchi gani?" ambalo ndilo swali la kwanza karani yeyote wa tawi angaliuliza.

Ile hukumu nayo tuliitafuta katika Kenya Law, ambako hukumu za korti zetu husomwa na mtu yeyote bila malipo. Haimo. Si kwamba imefichwa mahali, haijapata kuwako. Shauri la mwenzetu lenyewe limekwisha, amelipwa siku zake 135 na notisi na likizo, lakini twawaomba msipite upesi hapa. Hukumu isiyokuwako, yenye jina la mtu asiyekuwako, imeandikwa kwa ufasaha kama kwamba hakimu ameitia mhuri jana. Mambo haya hutokeaje?

Watu wengi wadhani ndani ya mashine mna kabati kubwa la vitabu, na ukiuliza neno, ni kama karani wa ndani huenda akafungua faili, akakusomea yaliyomo. Sivyo. Mashine hizi zilifundishwa kwa kupitishwa katika maandishi mengi mno, vitabu na magazeti na kurasa za intaneti, mengi kuliko mtu awezavyo kuyasoma katika maisha elfu. Katika kupita huko zilijifunza jambo moja: baada ya maneno haya, ni neno gani ambalo kwa desturi hufuata? Mwambie mtoto "haraka haraka haina," atakuitikia "baraka." Hakufungua kitabu cha methali. Amesikia maneno hayo yakifuatana, basi. Mashine hufanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu kubwa sana: hukisia kipande cha neno, hukiongeza, hukisia kingine, hukiongeza, mpaka jibu limejaa ukurasa.

Pale ambapo maneno yamefuatana mara maelfu, makisio hupata. Uliza mji mkuu wa Ufaransa, utaambiwa Paris, na ni kweli. Lakini ukiuliza hukumu ya korti ya Nairobi juu ya watu wa godauni, maandishi yake ni machache, na mashine haina la kukumbuka. Hata hivyo inajua hukumu hufananaje. Inajua kwamba huanza na jina la mtu, kisha jina la kampuni, kisha mwaka katika mabano. Basi hukutengenezea moja. Sura yake ni sawa kabisa, ila ndani hamna kitu.

Wazee wetu wanawakumbuka waandishi wa barua waliokaa nje ya posta na taipu zao. Mtu alikwenda akasema: mjomba wangu amekufa Kakamega, niandikie barua ya pole kwa shangazi. Mwandishi hakumjua marehemu, wala shangazi, wala Kakamega hakupata kufika. Lakini barua aliyoiandika ilimliza shangazi machozi ya kweli. Alikuwa ameandika barua za pole mia tano, na alijua barua hiyo yapasa iende namna gani. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa. Sasa fikirini mtu angalimwendea mwandishi yule akamwuliza: marehemu aliacha ng'ombe wangapi, na nani mrithi? Mwandishi mwenye akili angalisema, "Bwana, mimi naandika barua tu." Mashine haisemi hivyo. Itakuambia ng'ombe ni saba.

Kwa nini haisemi "sijui"? Jambo hili watu wa OpenAI wenyewe walilieleza mwaka 2025. Walisema mashine hizi hupimwa kwa mitihani ambayo anayekisia hupata faida kuliko anayeacha wazi. Ni kama ule mtihani wa kuchagua jibu moja katika manne: mtoto asiyejua akitia alama popote huenda akabahatisha, lakini akiacha wazi hapati kitu. Ukimfundisha mtu hivyo miaka na miaka utapata mtu asiyenyamaza. "Sijui" ni neno la heshima kinywani mwa karani wa tawi, kwa maana baada yake husema "ngoja niulize." Mashine hiyo haikulipata neno hilo kwa sababu halikupewa maksi.

Wengine, wakiisha kuumwa mara moja, husema: mashine ni mwongo. Nao wamekosa. Mwongo huijua kweli akaificha; ana haja yake. Mashine haina kweli wala uongo ndani yake. Waingereza huliita jambo hili kuweweseka, na kamusi ya Cambridge ililichagua neno hilo kuwa neno la mwaka 2023. Sisi hatulipendi sana. Mtu anayeweweseka kwa homa ana saa za wazimu na saa za akili timamu, na homa ikishuka unaweza kumwamini. Mashine hufanya kazi ile ile moja, inapopata na inapokosa, na kwa sauti ile ile. Kwa kuisikiliza tu huwezi kutambua saa gani imo katika homa.

Na sauti yenyewe ndiyo mtego. Sisi wanadamu tumezoea kwamba msemaji mzuri amesoma, na aliyesoma anajua. Jambo hili si geni. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa Marekani, Joseph Weizenbaum, alitangaza programu ndogo aliyoiita ELIZA, ambayo iligeuza maneno ya mtu kuwa maswali. Ukiiambia una huzuni, ilikuuliza kwa nini una huzuni. Haikuwa na kitu zaidi ya hapo. Lakini katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza miezi mingi na kwa hiyo alijua kabisa ni programu tu, siku moja alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, na tangu hapo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonya watu. Ikiwa ELIZA, yenye akili ya kasuku, ilimvuta mtu aliyejua siri yake, tutawacheka nini watu wanaoamini hizi za leo?

Tena wasidhani wasomi kwamba maneno haya ni ya vibarua. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wa abiria mmoja aliyeishtaki kampuni ya ndege ya Avianca, kwa kuwa goti lake liligongwa na kigari cha chakula, walipeleka kortini karatasi iliyotaja hukumu kadhaa. Mawakili wa kampuni wakazitafuta wasizione. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Na hapa pana jambo ambalo kila mwanachama alikumbuke: wakili alikuwa ameiuliza mashine yenyewe kama ile hukumu ni ya kweli, nayo ikamwambia ndiyo, ni ya kweli. Alimwita shahidi athibitishe ushahidi wake mwenyewe! Hakimu P. Kevin Castel akawatoza faini ya dola 5,000. Na mwezi wa Juni 2025 Korti Kuu ya Uingereza iliwaonya mawakili wote baada ya shauri ambalo ndani yake hukumu 45 zilitajwa, na 18 hazikuwako duniani. Wakili wa New York alilipa akarudi ofisini kwake. Mfanyakazi wa godauni akipeleka hukumu isiyokuwako, wakili wa tajiri atamwita mghushi mbele ya korti, na baada ya hapo hata maneno yake ya kweli hayatasikiwa vizuri.

Wapo watakaosema kwamba mashine za sasa hutafuta kwanza katika intaneti ndipo hujibu. Ni kweli baadhi yake hufanya hivyo, na inasaidia. Lakini anayezisoma hizo kurasa na kuzifupisha ni mashine ile ile. Mwezi wa Mei 2024, mashine ya Google iliwashauri watu watie gundi katika mchuzi wa piza ili jibini ishike, na wale jiwe moja dogo kila siku kwa afya. Gundi ilitoka katika mzaha wa mtu mmoja aliouandika miaka mingi nyuma. Mawe yalitoka The Onion, gazeti la kuchekesha. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi angaliujua mzaha huo mara moja. Tena vyombo vya utangazaji 22 vya nchi 18, pamoja na BBC, vilipima majibu ya mashine hizi juu ya habari, wakatangaza mwezi wa Oktoba 2025 kwamba majibu 45 katika kila 100 yalikuwa na kasoro kubwa angalau moja. Hayo ni majibu ya mashine zenye kutafuta.

Tulilotaka kulisema hasa ni hili: kutoelewa kwa watu kunawafaa wenye kazi. Mwaka 2022 mtu mmoja wa Kanada alifiwa na bibi yake. Akaiuliza mashine ya kujibu wateja ya kampuni ya Air Canada juu ya nauli ya msiba. Ikamwambia anunue tiketi sasa, na punguzo aweza kuliomba baadaye katika siku 90. Akafanya hivyo, kampuni ikakataa kumlipa, ikasema sheria zake si hizo. Walipofika mbele ya baraza la kuamua madai madogo la British Columbia, kampuni ilijitetea kwamba mashine ile ni mtu mbali, na kwamba maneno yake ni juu yake yenyewe! Baraza lilikataa mwezi wa Februari 2024, likaiamuru kampuni ilipe, jumla yake kama dola 812 za Kanada.

Fedha ni kidogo, lakini yasomeni tena yale maneno ya kampuni. Hayo ndiyo maneno ambayo tajiri atatuletea kesho. Si mimi niliyekupunguza, ni kompyuta. Si mimi niliyekukata marupurupu, mashine imeonyesha kazi yako imeshuka. Ikiwa sisi wenyewe tumekwisha kuzoea kusema "mashine imesema" na kunyamaza, tutamjibu nini? Basi jueni kwamba Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo kubwa limhusulo. Kuna nafasi ambazo sheria imeziacha wazi, mathalani mtu akiisha kukubali mwenyewe, kwa hiyo angalieni mnakubali nini katika mikataba mipya. Lakini hata hapo mtu aweza kudai shauri lake litazamwe upya bila kuachiwa mashine peke yake.

Wala wenye kazi wenyewe hawajapona ugonjwa huu. Katika mkutano mmoja wa mapatano, meneja alituletea karatasi nzuri yenye vichwa vya habari vya wino mzito, ikisema kwamba mwajiri anayepunguza watu hana lazima ya kukiarifu chama. Tukamwuliza nani aliyeiandika. Akaigeuza karatasi nyuma na mbele kama atafutaye jina. Kisha akasema ni "utafiti." Tukamfungulia kifungu kile kile cha 40, ambacho chasema kwamba ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, chama na afisa wa kazi wataarifiwa sababu na kiasi cha kupunguza, si chini ya mwezi mmoja mbele. Mkutano ukaahirishwa ili meneja akanywe chai.

Watu wengine hufikiri mashine hizi zimeshuka kutoka mbinguni, na kwa sababu hiyo huzicha. Hapana. Kuna vijana wa Nairobi waliozitumikia. Kutoka Novemba 2021 mpaka mwanzo wa mwaka 2022, kampuni moja iliyopewa kandarasi na OpenAI iliwaajiri watu hapa mjini kusoma maandishi machafu kupita kiasi, ya mauaji na ya kudhulumu watoto, wakiyatia alama ili mashine ijifunze kuyakataa. Gazeti la Time la Marekani lilitangaza Januari 2023 kwamba vijana hao walipokea mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, hali mkataba wa OpenAI na kampuni hiyo ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Kampuni ilisema fedha hizo zilikuwa pia za gharama zake nyingine. Sawa, tumesikia hesabu za namna hiyo mara nyingi. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Basi unapoona mashine ina adabu na haikutukani, adabu hiyo ilinunuliwa kwa usingizi wa watu, na wengine wao mmepanda nao matatu moja. Kile ambacho hawakuajiriwa kuifundisha ni Sheria ya Ajira ya Kenya.

Kazi inayoifaa iko. Mtu anayejua analotaka kusema lakini Kiingereza chake ni kizito, aweza kumpa mashine maneno yake imtengenezee barua. Mkataba wa kurasa kumi wenye Kiingereza cha mawakili, mashine yaweza kukueleza kwa maneno mepesi, nawe ukafuata kidole kwa kidole katika karatasi yenyewe uone kama ndivyo ilivyoandikwa. Tofauti yake ni hii: hapo kweli unayo wewe mkononi, mashine inaipanga tu. Hatari huanza unapotaka ikupe kweli ambayo huna njia ya kuitambua. Na anayeiuliza kwa Kiswahili aongeze tahadhari, kwa sababu maandishi mengi iliyofundishwa nayo ni ya Kiingereza. Kiswahili chake chaweza kuteleza vizuri ulimini na habari zake zikawa chache, au zikawa za upande wa pili wa Namanga. Kuiuliza "una hakika?" hakusaidii. Mara nyingi itaomba radhi na kubadili jibu, hata kama lile la kwanza ndilo lilikuwa sawa.

Halmashauri ya tawi imeagiza hivi. Mwanachama yeyote asipeleke barua ya madai kwa tajiri, wala asitie sahihi karatasi ya malipo ya mwisho, kwa kutegemea jibu la mashine, mpaka mwakilishi wa wafanyakazi kazini au katibu wa tawi ameona kifungu chenyewe cha sheria na, ikiwa imetajwa hukumu, ameisoma hukumu yenyewe. Nakala ya Sheria ya Ajira na ya mapatano yetu na wenye kazi iko mezani ofisini, na anayetaka kuisoma apewe kiti. Tena msiipe mashine majina ya wenzenu, namba za vitambulisho, wala karatasi za mshahara. Mkiisha kuzipeleka hamjui zitakaa wapi.

Na aliyekwisha kutia sahihi asikae nyumbani kwa haya. Malalamiko ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi katika miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa, na madai ya kortini katika miaka mitatu. Aje na barua yake ya kazi, karatasi za mshahara, na ile aliyotia sahihi. Jibu la mashine nalo alilete, tulisome.